Chungu cha Siku ya Upepo

Bweni, Kanga, Jimbo, Banja, mpaka kule Kilindoni na Utende, na ndugu zetu mlioko bara mnaotusikiliza, karibuni katika mazungumzo ya juma hili. Kaa kitako. Kama unasuka ukili, endelea kusuka. Kama unapara samaki, endelea kupara. Mimi nayaomba masikio tu.

Leo nataka tuingie jikoni. Si jiko la harusi, wala jiko la Idi, hayo kila mtu anajua kuyasifia. Nataka tuzungumzie jiko la siku ile duka halina kitu, au duka lina kitu lakini mfuko hauna. Kuna tofauti hapo? Kwa mtoto anayelia njaa, hakuna.

Basi naanza na swali. Ukifunua ndoo na makopo yako sasa hivi, bila kumtuma mtoto dukani hata kwa kiberiti, nyumba yako inaweza kula kwa siku ngapi? Usinijibu haraka. Inuka kwanza ukaangalie, mimi nipo.

Mnakumbuka Hidaya? Tarehe 4 Mei mwaka 2024 kimbunga kile kiligusa ardhi hapa hapa kwetu Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza, wavuvi wameambiwa wasitoke, vyombo vimevutwa juu. Kilipogusa kisiwa nguvu zake zikaanza kupungua, alhamdulillahi. Lakini kule bara mvua ziliikata barabara ya kusini pale Somanga, malori yakalala njiani na mizigo yake. Sasa wewe fikiria. Bahari imefungwa, barabara imekatika, na sisi tuko kisiwani. Siku kama hizo nani anakuletea unga?

Na wala hatuhitaji kusubiri kimbunga. Kusi kikivuma sawasawa, kila mwaka, tunazijua siku zake. Bweni yetu iko ncha ya kaskazini ya kisiwa, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Unga wa ngano unapanda chombo Nyamisati, unashuka Kilindoni, halafu unapanda gari au bodaboda kuja huku juu, kisiwa kizima. Kila unapopanda na kila unaposhuka, bei inapanda nayo na haishuki. Kwa hiyo mwanamke wa Bweni anayejua kupika kwa kilichopo hafanyi maigizo ya umaskini. Anajua anaishi wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili nitalirudia. Watu wengi wakisikia "leo hakuna kitu ndani" wanaanza kufikiria mapishi: pilau haiwezekani, biriani haiwezekani, chapati haziwezekani, basi tumekwisha. Mimi nasema usianze na jina la chakula. Anza na vilivyomo ndani, kisha jiulize: nina nini cha kushibisha? Nina nini cha kutowelea? Na nina nini cha kukoleza? Cha kushibisha, cha kutowelea, cha kukoleza. Ukishavipata vitatu hivyo una chakula, hata kama hakina jina.

Cha kushibisha hapa kwetu hakitupi taabu sana. Muhogo upo shambani, unasubiri ardhini mpaka uuchimbe. Yapo makopa, upo mchele au chenga zake, kuna viazi vitamu, na mwenye mshelisheli ana neema yake. Cha kukoleza nacho kipo: chumvi, ndimu, ukwaju, embe bichi, pilipili, na bwana mkubwa wao wote, nazi. Tunapokwama ni pale katikati. Kitoweo. Ndiyo maana ukipita jioni ukauliza habari, unajibiwa, "Chakula kipo, kitoweo ndicho hakuna."

Nilipita kwa shangazi yangu mmoja hapa hapa kijijini, kusi kimechachamaa, pwani hakuna chombo kilichotoka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, huo upepo utakupeleka Unguja."

"Mnapika nini leo?"

"Kitajulikana chungu kikichemka."

Nikakaa kwenye kibao nikatazama. Na ninyi nataka mtazame pamoja nami, kwa sababu mle chunguni mlikuwa na elimu kubwa kuliko mikutano mingi niliyowahi kuhudhuria.

Alikuwa na kunde, kibaba kimoja tu, alizoziloweka tangu usiku. Kwa nini usiku? Kwa sababu kunde zilizolala majini zinaiva kwa kuni chache, na kuni za kusi ni mbichi, zinatoa moshi kuliko moto. Alikwisha kuyamwaga maji yale ya kulowekea, akazibandika kwa maji mapya, bila chumvi. Chumvi baadaye, kunde zikishalainika.

Alikuwa na kipande cha ng'onda kisichozidi kiganja cha mtoto. Watu saba nyumbani, ng'onda kiganja! Aliikata vipande, akailoweka, akamwaga maji, akailoweka tena. Hapo msiharakishe, jamani. Samaki wa chumvi asiyelowekwa anaharibu chungu kizima, na wazee wetu wenye presha ndio wanaoumia. Baadaye akaichambua kwa vidole, uzi kwa uzi, akatoa miiba yote. Mkisikia watu wanasema samaki mmoja hatoshi watu saba, wanasema hivyo kwa sababu wanamgawa vipande. Ukimchambua akaenea kwenye chungu, kila kijiko kinapata.

Muhogo akaumenya, akaukata, akautoa ule uzi wa katikati. Halafu akakaa juu ya mbuzi na nazi mbili.

Hapo kwenye nazi ngoja nikae kidogo. Mafia ni kisiwa cha minazi, hilo kila mtu analijua, lakini nazi yenyewe tunaitumia kwa mazoea. Shangazi alikuna, akatia maji ya vuguvugu kidogo tu, akakamua kwenye kifumbu: hilo tui zito, akaliweka kando, akalifunika. Akatia maji tena, akakamua: hilo tui jepesi. Lile jepesi ndilo lililopikia muhogo na kunde. Ng'onda ikaingia humo humo. Pilipili moja nzima ikaelea juu, haikupasuliwa, kwa sababu ya watoto. Harufu imetoka, ukali umebaki ndani ya ganda. Vitu vyote vilipoiva ndipo tui zito likamiminwa, moto ukapunguzwa kwa kuvuta kuni nje ya mafiga, na mwiko ukazunguka taratibu. Tui zito halitaki mchemko wa fujo, likichemshwa kwa nguvu linakatika, linabaki maji huku na mafuta kule. Ndimu? Ndimu ilikamuliwa chungu kiko chini, moto umekwisha. Ukiitia mapema, nayo inalikata tui.

Chakula kile kinaitwaje? Sijui, na yeye hakukipa jina. Kilikuwa na muhogo wa kushibisha, kunde na ng'onda za kutowelea, tui na ndimu vya kukoleza. Wajukuu walisugua chungu.

Na chicha je? Chicha ilikwenda kwa kuku. Vifuu vilikwenda motoni, na makumbi yalikuwa yamekwisha kutangulia. Kuna nyumba nyingine hapa wanachemsha tui mpaka mafuta yanajitenga, wanayahifadhi kwenye chupa, na siku mafuta ya dukani yakipanda bei hawashtuki. Mimi nawaulizeni, inakuwaje tunaishi chini ya minazi halafu tunalia mafuta ya kula? Zamani bibi zetu waliyapika wenyewe. Kazi ni ndefu, sikatai, inataka nazi nyingi na kuni nyingi. Lakini mara moja kwa mwezi, kina mama watatu wanne wakikusanyika wakapika pamoja, si kazi ya kumshinda mtu.

Tuendelee. Mtakaosema ng'onda hamna, sawa. Cha kutowelea si samaki peke yake. Narudia: cha kutowelea si samaki peke yake. Kunde zenyewe ni kitoweo. Choroko ni kitoweo. Mbaazi za nazi ni kitoweo ambacho watu wa mjini wanakinunua asubuhi na maandazi, wanalamba vidole. Wataalamu wa lishe wanatueleza kwamba nafaka na jamii ya kunde zinakamilishana: kile kinachopungua kwenye wali kipo kwenye choroko, na kinachopungua kwenye choroko kipo kwenye wali. Kwa hiyo mtoto aliyekula wali na choroko amekula chakula cha kujenga mwili, hata kama hakuona mkia wa samaki siku hiyo.

Kisamvu nacho. Kisamvu kitwangwe sawasawa kwenye kinu, kichemshwe muda mrefu, chungu kikiwa wazi, ndipo utie tui. Kukitwanga na kukichemsha wazi si urembo, ndiko kunakoondoa sumu iliyomo kwenye majani ya muhogo. Ukikamulia ndimu mwishoni, mwili unayapata vizuri zaidi yale madini ya chuma ya kuongeza damu. Na chai ya rangi isinywewe papo hapo juu ya kisamvu, maana chai inazuia madini hayo. Iache saa nzima hivi. Kina mama wajawazito, mmenisikia?

Kwa kuwa nimeitaja sumu, nisilipite hili juu juu. Muhogo mtamu tunautafuna hata mbichi. Muhogo mchungu ni habari nyingine. Unaopikwa kwa haraka, kwa sababu ya njaa, unaweza kumlemaza mtu. Sisemi kuwatisha. Mwaka 1981, ng'ambo ya mto Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliua mazao mengine ukabaki muhogo mchungu peke yake. Watu walikuwa na njaa, hawakuweza kungoja makopa yakauke siku zote zinazotakiwa. Zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, miguu ilikakamaa ghafla, na haikurudi kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, na hapa Tanzania umewahi kuonekana Mara na Mtwara. Tazameni mambo mawili yaliyokutana pale: muhogo haukutayarishwa ipasavyo, na hapakuwa na kitoweo cha kuusindikiza. Kumbe kile kiganja cha ng'onda cha shangazi hakikuwa cha ladha tu. Mwili unahitaji kitoweo ndio uweze kuiondoa sumu ile.

Ufanyeje basi? Muhogo mchungu loweka, kausha makopa vizuri juani, usidokoe kabla ya wakati. Na kama umekwisha kuwa na unga na una wasiwasi nao, ipo njia rahisi waliyoigundua watafiti wa Australia, haitaki dawa wala mashine. Chukua unga, changanya na maji mpaka uwe rojo zito. Utandaze juu ya ungo au mkeka, mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache kwa muda wa saa 2 juani, au saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa, inakwenda zake. Kisha usonge ugali wako siku hiyo hiyo, usilale. Nairudia kwa aliyekuwa akimnyamazisha mtoto: unga na maji, tandaza mwembamba, muda wa saa 2 juani au 5 kivulini, pika siku hiyo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalipenda. Tuna aibu na muhogo. Mgeni akija, hata akikuta muhogo wa nazi unatoa mvuke jikoni, tunaufunika tunamkimbiza mtoto akakope mchele. Mwezi wa Ramadhani muhogo ule ule unawekwa katikati ya mkeka kwa heshima zote, futari haijakamilika bila ya muhogo, lakini mwezi ukiandama Shawwal umekuwa chakula cha masikini. Aibu hiyo tumeitoa wapi? Chukuchuku nayo hivyo hivyo. Samaki kachemshwa na chumvi, ndimu na pilipili, hana mafuta, hana nyanya ya kopo; mtu atakwambia, "Samahani, leo ni chukuchuku tu." Samahani ya nini? Samaki mbichi wa Mafia, katoka majini alfajiri, hataki kupambwa. Kule mjini wanalipa pesa nyingi kwa samaki waliolala kwenye barafu siku nne.

Wazee wanaonisikiliza wamepitia makubwa. Baada ya vita vya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, mpaka katikati ya miaka ya 80, nchi nzima ilijua maana ya kukosa. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Ukaja unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, ukapewa jina la timu kwa rangi yake, na hata mshabiki wa Simba aliula, tena hakuacha kitu sahanini. Waliopita salama zaidi ni wale waliokuwa na shamba, minazi na akili ya jikoni. Chai ilinywewa kwa mchaichai na kipande cha muhogo. Sisemi zirudi siku hizo, Mungu atuepushe. Nasema ujuzi ule usizikwe na wazee wetu.

Haya, kwa haraka haraka niguse asubuhi, maana nimeulizwa. Mkate hakuna, hamira hakuna, mayai hakuna. Una unga wa ngano vikombe viwili na nazi moja? Pika chapati za maji kwa tui. Tui badala ya maziwa na mayai, chumvi kidogo, sukari kama ipo, uache unga upumzike wakati unawasha moto, kikaango kipakwe mafuta kidogo tu. Unga hakuna pia? Chenga za mchele zinatoa uji mzuri wa nazi. Kiporo cha wali wa nazi, angalizo: kwa joto letu kinachacha upesi, na kikishaharibika hata ukikipasha moto sumu haiondoki. Afadhali upike wali wa kuisha jioni hiyo hiyo, na asubuhi uchemshe viazi.

Tumefika kwenye kuhifadhi. Huwezi kupika kwa kilichopo kama hakipo, si ndiyo? Kilichopo cha kusi kinatafutwa wakati wa kaskazi. Kaskazi bahari ni tulivu, jua ni kali, dagaa wanavuliwa usiku wa giza na taa. Hapo ndipo pa kuanika. Dagaa waliokauka sawasawa wakaange bila mafuta, uwatwange na chumvi na pilipili manga, uwatie kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga ule juu ya uji wa mtoto au juu ya wali mtupu, na kitoweo kimepatikana.

Kunde zina adui wake, wale wadudu wadogo wanaotoboa mpaka linabaki ganda tupu. Zianike juani kwanza, zipoe, halafu zitie kwenye ndoo au dumu linalofungwa likakaza, lijae mpaka juu. Mdudu aliyefungiwa humo hewa inamwishia. Wengine wanazipaka mafuta kidogo sana, zing'ae tu, mayai ya wadudu hayaanguliki. Na chochote kilichoota ukungu, mahindi, karanga, makopa, msikikune mkala. Unyevu wa pwani si wa kuchezea. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumu kuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe, waliyoyalima kwa mikono yao. Cha ukungu mwaga, uchungu wa hasara utapita.

Korosho nazo ni akiba, ukizitwanga zikaingia kwenye mchuzi wa mboga utasahau nyama. Ila ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi, watoto wasiachiwe kuzibangua peke yao.

Nabakiza moja, na ndilo linalonikera kuliko yote. Tunaivua bahari hii sisi, halafu tunakosa kitoweo sisi. Pweza anapandishwa pwani asubuhi, kabla ya adhuhuri yuko ndani ya barafu ya mchuuzi, safari imeanza. Changu wakubwa hivyo hivyo. Mvuvi anarudi nyumbani na noti. Noti si mbaya, ada ya shule haipokelewi kwa pweza. Lakini mkewe akiuliza, "Kitoweo?" anajibiwa, "Kanunue." Akanunue wapi, na samaki wote wamekwenda? Halafu jioni kile kidogo kilichopatikana, baba anawekewa kipande kikubwa, wageni wa baba wanafuata, watoto wanapangusa mchuzi. Habari hizi si ngeni. Mtafiti wa Uingereza, Pat Caplan, alifika hapa kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, akaishi na majirani zetu wa Kanga na akarudi tena na tena kwa miaka mingi, na chakula, nani analima na nani anakula, ni miongoni mwa mambo aliyoyaandika sana. Miaka yote hiyo imepita na bado tunapangiana vipande vya samaki kwa ukubwa wa ndevu.

Mimi nasema bila kuuma maneno: mtoto aliye chini ya miaka mitano na mama anayenyonyesha ndio wa kwanza. Mwanamume mzima akilala na muhogo na kunde ataamka na nguvu zake, ataingia baharini. Mtoto akikosa cha kujenga mwili miaka ile ya mwanzo, urefu na akili vilivyopungua haviji kulipwa baadaye.

Muda wetu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Kaka zangu wavuvi, nawaomba neno moja wiki hii. Mkifika pwani, kabla samaki hawajapanda kwenye mzani wa mchuuzi, toeni wa nyumbani kwanza, wawekwe kando kwenye kikapu. Wadogo wawili watatu wanatosha: mmoja wa leo, wengine wa kupasua na kuanika. Na ninyi dada zangu, usiku huu kabla hamjalala, lowekeni kunde. Juma lijalo saa hizi hizi tutazungumzia maji ya visima wakati wa masika.